Pinki ya Kamera na Pinki ya Flamingo

Nianze na msimamo wangu kabisa, ili atakayenuna anune mapema. Programu bora ya kusafisha picha ghafi si ile inayokupa picha tamu kwa mbofyo mmoja. Programu bora ni ile inayokuonyesha mahali ilipokisia. Nasema hivi kwa sababu picha nyingi za Ziwa Nakuru zinazosambaa zina makisio ndani yake, na baadhi ya makisio hayo watu wanayahesabu kama ndege.

Mnajua swali la flamingo lilivyo hapa kwetu (heroe, ukifuata kamusi, ingawa sijamsikia mtu wa Nakuru akisema hivyo). Wapo? Hawapo? Wamerudi? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya ziwa yamepanda hadi yakameza lango kuu la zamani la hifadhi, na migunga iliyokuwa ufukweni sasa ni miti mikavu iliyosimama majini. Maji yakiongezeka, magadi yanapungua ukali. Magadi yakipungua ukali, miani ya spirulina ambayo ndiyo chakula cha flamingo wadogo inapungua. Chakula kikipungua, ndege wanahamia Bogoria au kwingine. Kwa hiyo mtu akitoa picha yenye ukanda wa pinki ng'ambo ya ziwa, hiyo si picha tu, ni tangazo. Mwenye hoteli anafurahi, mwenye gari la watalii anaanza kupiga simu, halafu mgeni aliyelipa kiingilio anafika na kukuta maji na mwari watatu.

Rafiki yangu ni mpiga picha. Kazi yake hasa ni harusi na mahafali, lakini siku akipata nafasi huenda hifadhini kutafuta picha za kuwauzia watu wa utalii. Miezi kadhaa iliyopita aliniletea faili moja kwenye flashi. "Bro, hebu iangalie hii, imenishinda." Aliipiga upande wa magharibi wa ziwa, chini ya Baboon Cliff, mahali panaporuhusiwa kushuka gari, akitazama mashariki wakati jua linapanda juu ya Lion Hill. Ilikuwa saa moja kasoro asubuhi. Hapa tuko karibu sana na ikweta, jua halipandi taratibu kama kwenye sinema za Ulaya. Linaruka. Mbele ya picha amesimama mwelekezi wa watalii, mzee mmoja mwenye kofia, uso wake mweusi tii kwa sababu jua liko nyuma yake. Katikati kuna miti mikavu. Nyuma maji yanametameta, na ndani ya ule mmeto kuna flamingo.

Wangapi? Hapo ndipo kazi ilipo.

Alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya simu ambayo sitaitaja, moja ya zile zenye kitufe cha uchawi. Ilitoka na ukanda mzima wa pinki kutoka kushoto hadi kulia. Ungeapa ni maelfu ya ndege. Mteja wake, wakala wa safari, alikuwa ameiona na kuipenda, na maneno ya kuweka juu yake alikuwa ameshayatunga: flamingo wamerudi. Shida ya rafiki yangu ni kwamba yeye alikuwepo, na hakumbuki kuona maelfu.

Kwa ambao hawajawahi kufungua faili ghafi, ngoja nieleze. Wanaokumbuka filamu watanielewa upesi: faili ghafi ni kama negativu ambayo bado haijaenda studio. Kihisi cha kamera hakioni rangi. Kila pikseli inahesabu mwanga tu, na juu yake kuna kichujio kidogo cha nyekundu, kijani au buluu. Mpangilio wa vichujio hivyo ulipewa hataza mwaka 1976 kwa jina la Bryce Bayer wa Kodak: nusu ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Pikseli iliyo chini ya kichujio cha kijani haijui lolote kuhusu nyekundu. Nyekundu yake lazima ikisiwe kutoka kwa majirani. Yaani theluthi mbili ya namba za rangi kwenye picha ya kawaida ya kidijitali ni makisio kabla hata hujagusa kitu!

Makisio hayo hayana neno, majirani kwa kawaida ni mashahidi wazuri. Shida inaanza mwanga unapozidi. Kamera ya rafiki yangu ni Nikon ya mtumba inayoandika biti 14, maana yake kila pikseli ina namba kati ya 0 na 16,383. Ikifika juu kabisa haipandi tena, inagota. Hiyo ndiyo tunaita kuungua. Sasa, kihisi hakipokei rangi zote tatu kwa usawa, na kwenye mwanga wa jua kijani ndiyo hujaa kwanza. Ili kitu cheupe kionekane cheupe, programu huzidisha nyekundu kwa takriban 2 na buluu kwa takriban 1.5, kijani ikaachwa ilivyo (namba kamili hutegemea kamera na mwanga wa siku hiyo). Fanya hesabu mwenyewe. Mmeto wa jua juu ya wimbi umejaza rangi zote tatu, 16,383 kila moja. Zidisha. Nyekundu inakuwa 32,766, buluu karibu 24,575, kijani imebaki 16,383. Hiyo ni rangi gani?

Pinki. Tena pinki iliyokoza.

Hili ndilo linalonifanya niandike. Kosa la hesabu la kamera lina rangi ileile ya flamingo. Kama ungekuwa unapiga tembo wa Amboseli, pinki kwenye maji ingekushtua mara moja ungeifuta. Nakuru hakuna anayeshtuka, kwa sababu pinki ndiyo tuliyoijia. Na kosa hili lina upande wa pili vilevile: programu ikiamua kukata kila kilichoungua kiwe cheupe, flamingo wa kweli ambaye jua linapenya bawa lake anapoteza rangi na kuwa yangeyange. Programu moja inakuzalishia ndege, nyingine inakuulia.

Bahati ni kwamba rafiki yangu alikuwa ameiseti kamera ipige tatu mfululizo, moja kawaida, moja ikiwa na mwanga mara nne zaidi, na moja ikiwa na robo tu ya mwanga. Ile ya giza haifai kwa mauzo, uso wa mzee umezama kabisa. Lakini ni shahidi mzuri mno, maana ukiacha jua lenyewe na mawimbi machache, hakuna kilichoungua. Pia mmeto wa maji huhama kila sekunde na flamingo anayekula hahami kwa kasi hiyo. Kwa hiyo nilikuwa na kipimo. Pinki iliyopo kwenye faili zote ni ndege, na pinki inayotokea kwenye moja tu ni hesabu.

Nikaanza na dcraw. Najua, najua, ni ya zamani na haina hata dirisha, unaandika amri. Dave Coffin aliianza mwaka 1997, na karibu programu yote iko kwenye faili moja la lugha ya C. Toleo la mwisho lilitoka 2018 na leo kazi yake imerithiwa na LibRaw. Naipenda kwa sababu haijifanyi. Ina chaguo la -H, na namba unayoweka baada yake ndiyo inaamua hatima ya kilichoungua. Sifuri inakata kiwe cheupe. Moja inaacha bila kukata, na maelekezo ya programu yenyewe yanakuonya kwamba utapata pinki za aina mbalimbali. Mbili inachanganya, tatu hadi tisa inajaribu kujenga upya. Nilipoweka -H 1, ukanda wa rafiki yangu ukatokea kama ulivyo, kushoto hadi kulia. Nilipoweka -H 0, ukatoweka wote isipokuwa kundi dogo upande wa kulia na wengine wachache nyuma ya miti. Dakika tano tu na amri mbili, na maelfu ya flamingo wamekwisha.

Lakini -H 0 si jibu pia, kwa sababu ile ya giza ilinionyesha ndege kadhaa ambao -H 0 iliwafanya weupe. Ukweli uko katikati, na hapo ndipo programu za leo zinapotofautiana.

RawTherapee nimeitumia muda mrefu kuliko zote. Ilianzishwa na Gábor Horváth wa Hungaria mwaka 2004, ikawa huria mwaka 2010, na haidai kadi ya michoro, kwa hiyo inakubali laptopu za akina sisi. Inakupa njia kadhaa za kurudisha mwangaza na kila njia ina tabia yake. Ile ya kusambaza rangi ndiyo yenye nguvu zaidi: inachukua rangi ya pembeni ya doa lililoungua na kuisambaza ndani. Kwenye bawa la flamingo ilifanya kazi nzuri ajabu. Kwenye mmeto ulio jirani na flamingo ilifanya vibaya, maana ilichukua pinki ya ndege na kuipaka kwenye wimbi. Njia ya kuchanganya ilikuwa na adabu zaidi kwenye maji lakini ikapausha mabawa. Kinachonifanya niisifu RawTherapee ni kwamba grafu yake unaweza kuigeuza ionyeshe data ghafi yenyewe, kabla ya kuzidishwa chochote. Unaona wazi kijani imegonga ukuta na nyekundu haijafika. Hapo hubahatishi tena, unajua kwamba pinki iliyo mbele yako ina shaka.

Kwa hilo hata hivyo darktable imeipita. Mradi huu ulianza 2009 na Johannes Hanika, na watu wa Windows waliupata rasmi na toleo la 2.4 mwishoni mwa 2017. Wengi huifungua mara moja, wanaona msitu wa moduli, wanafunga na kurudi kwenye programu ya simu. Siwalaumu, kiolesura chake kinatisha. Lakini kuna kitufe kidogo chini ya picha ambacho kikiwashwa kinapaka rangi juu ya kila pikseli iliyoungua kwenye data ghafi, na rangi hiyo inakwambia ni kichujio kipi kilichojaa. Maji ya rafiki yangu yaligeuka kuwa zulia la vitone, kijani tupu katika sehemu nyingi, rangi zote tatu katikati ya mmeto. Nikaweka ukanda wa pinki wa ile programu ya simu pembeni yake. Vililingana kitone kwa kitone. Ningetamani kila anayenunua picha za ziwa aone skrini mbili hizo.

Njia ya kurudisha mwangaza iliyofanywa chaguo la kawaida kwenye toleo la 4.2, Desemba 2022, hutazama pikseli za jirani ambazo hazijaungua na kukadiria rangi kwa uangalifu. Kwenye faili hii ilibakiza pinki kwenye mabawa mengi na ikayaacha maji yawe ya dhahabu hafifu, ambayo ndiyo rangi yake kwenye faili la giza. Kuna njia nyingine nzito iliyokuja na 4.0 mwaka huohuo. Hiyo kwenye laptopu yangu unabofya kisha unaenda kuchemsha chai, na chai inachemka kwanza. Matokeo hayakunilipa muda huo.

Lightroom je? Nilijua mtauliza. Ilitoka 2007 na ndiyo ambayo kila mtu wa harusi anaijua. Niseme haki: kwa kasi hakuna iliyoikaribia. Unavuta kijiti cha mwangaza wa juu kushoto, cha vivuli kulia, na picha inakaa sawa kabla hujamaliza kupiga miayo. Tangu 2021 inaweza kumtambua mtu na kumtenga na mandhari yenyewe, kazi ambayo kwenye RawTherapee ni jasho. Maji yalitoka safi bila ukanda wa uongo. Ninacholalamikia ni kwamba haikuambii. Grafu yake ni ya picha iliyokwisha kupikwa. Kurejesha mwangaza kunafanyika jikoni bila wewe kuulizwa, na kama kwenye bawa fulani imekisia, huna pa kuona kwamba ni kisio. Kwa picha ya bibi harusi sijali. Kwa picha itakayowaambia watu ndege wapo au hawapo, najali sana.

NX Studio ya Nikon yenyewe ni ya bure tangu 2021 na rangi zake ni zilezile ulizoziona nyuma ya kamera. Nzuri kwa kuanzia. Kwa faili ngumu kama hii vifaa vinaisha haraka.

Sasa uso wa mzee, maana tukizungumzia ndege tu tutakuwa tumemsahau binadamu pekee kwenye picha. Namba za kihisi hupungua nusu kila unaposhuka stopu moja. Shuka stopu sita kutoka juu, 16,384 imekuwa 256. Uso wote wa mzee, macho, mikunjo na mvi za kidevuni, umebanwa ndani ya hizo 256 za chini, pamoja na chengachenga za kihisi. Kuuinua inawezekana. Swali ni utatoka na rangi gani.

Toleo la kwanza, lile la simu, rafiki yangu alimtumia mzee mwenyewe. Jibu lilikuja kwa sauti: "Kijana, huyu si mimi. Huyu ameungua na jua." Na alikuwa sahihi. Ukiongeza kontrasti kwa mkunjo unaofanya kazi kwa nyekundu, kijani na buluu kila moja kivyake, iliyo kubwa inazidi kuwa kubwa na iliyo ndogo inazidi kuwa ndogo. Kwenye ngozi yetu nyekundu ndiyo inayoongoza, kwa hiyo uso unaelekea rangi ya tofali. Historia yake ni ndefu. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, picha ya mwanamke wa kizungu, na ngozi zilizobaki zikajitegemea. Filamu imeondoka, lakini tabia ya kudhani uso ni kitu chepesi chenye mwanga mwingi bado imo kwenye vitufe vingi vya uchawi.

Dawa ni kuinua mwanga kwa kuzidisha rangi zote tatu kwa namba moja, ili uwiano usivunjike. Kisawazishi cha toni kwenye darktable, kilichoingia na toleo la 3.0 mwaka 2019, hufanya hasa hivyo: unachagua sehemu za giza na kuziongezea stopu, huku kikilinda mikunjo midogo isilainike. Kwenye RawTherapee unaweza kubadilisha aina ya mkunjo wenyewe, na ile ya mtindo wa filamu huhifadhi rangi vizuri kuliko ile ya kawaida. Nilimwinua mzee stopu mbili na nusu tu. Kulikuwa na nafasi ya tatu, lakini mtu aliyesimama na jua mgongoni akiwa na uso uliong'aa kama yuko studio anaonekana kama amebandikwa. Rangi yake ilitoka kahawia ya giza yenye buluu kidogo ya anga, ambayo ndiyo rangi ya uso kivulini saa moja kasoro.

Kidogo kuhusu pesa, maana hapa huwa tunadanganyana. Watu wakibishana Lightroom dhidi ya darktable huzungumza kana kwamba kila mtu analipia. Mpango wa Adobe wa wapiga picha ulianza kwa dola 9.99 kwa mwezi mwaka 2013, na kuanzia Januari 2025 mpango huo mdogo haukuuzwa tena kwa wateja wapya. Toleo la kununua mara moja, Lightroom 6, lilipata masasisho yake ya mwisho mwaka 2017. Kwa mpiga picha wa Nakuru ambaye kazi yake ni ya msimu, Desemba harusi nane na Februari hakuna kitu, malipo ya kila mwezi ni kitanzi. Kwa hiyo ushindani wa kweli mtaani ni kati ya Lightroom ya kraki na programu huria. Na kraki, mbali na kuwa wizi, inakuja na wageni ambao hukuwaalika kwenye kompyuta.

Kuna jambo zito kuliko bei. Usajili wa Lightroom Classic ukiisha bado unaweza kuangalia picha zako na kuzitoa, lakini chumba cha kuhariri kinafungwa. Na kumbukeni kisa cha 2005, Nikon iliposimba taarifa za urari wa weupe ndani ya faili ghafi za D2X. Thomas Knoll wa Adobe, mmoja wa waliotunga Photoshop, alilalamika hadharani. Aliyefungua kufuli hiyo ni yuleyule Dave Coffin na faili lake moja la C. Mtu mmoja! Tangu hapo kila ninapoona neno "umiliki" kwenye faili la picha huwa najiuliza nani ana ufunguo.

Kama mtayarishaji programu napima pia kile kinachobaki baada ya kazi. RawTherapee huandika kila ulichofanya kwenye faili la .pp3 pembeni ya picha, maandishi matupu. Nililiweka kwenye Git pamoja na faili ghafi (usicheke), na sasa mtu akiniuliza ni kwa nini flamingo wa kulia ana pinki na wimbi la kushoto halina, naweza kumwonyesha mstari. Adobe nayo, ukiiambia ihifadhi XMP badala ya kufungia kila kitu kwenye katalogi yake, maandishi yake yanasomeka vizuri. Darktable pia huandika XMP lakini vigezo vya moduli vimesimbwa kuwa herufi zisizosomeka kwa macho, na kwa mradi unaohubiri uwazi hilo linanikera.

Mwishowe nilitumia darktable kwa maji na uso, nikaitumia RawTherapee kuhakiki. Zambarau iliyokuwa kwenye kingo za ile miti mikavu, ambayo ni kosa la lenzi wala si la programu, niliiondoa pia, maana kwa mbali nayo ilifanana na ndege waliotua matawini. Faili la giza nililiweka kwenye folda ileile na kulipa jina la shahidi.

Wakala wa safari hakuichukua. Alitaka "ile ya kwanza", na rafiki yangu alikataa kumpa, akakosa hela ambayo najua aliihitaji mwezi huo. Hapo ndipo watu wa teknolojia huwa tunajisahau: mimi nilikuwa nafurahia grafu, yeye alikuwa anapoteza mteja. Tumekubaliana picha zake za ziwa kuanzia sasa ziende kwa mnunuzi pamoja na faili ghafi la ushahidi, na tuone kama kuna atakayelipia hilo. Mzee naye alichapishiwa nakala kwenye studio moja ya Kenyatta Avenue. Uso aliupitisha. Alichouliza ni kwa nini kofia yake imeonekana imechakaa hivyo.

Kwa hesabu yangu kuna flamingo 41 kwenye picha hiyo, wengi wao upande wa kulia. Kuna vitone vingine vinne nyuma ya mti wa tatu ambavyo kwenye faili la giza vina pinki hafifu sana na kwenye yale mengine mawili vimeungua kabisa. Inaweza kuwa ndege waliogeuka, inaweza kuwa povu. Nimeviacha vyeupe.